Maji ya Kuvalia Nguo

Wahenga walituachia msemo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeutumia msemo huo darasani kwa miaka mingi kuwahimiza vijana wamalize kazi waliyoianza, na naamini walimu wenzangu wengi wameutumia vilevile. Lakini uzeeni nimeanza kuutazama kwa jicho jingine. Aliyeutunga alikuwa mtu wa nchi ya joto kama sisi. Kwake yeye maji ni kitu cha kuvuliwa nguo. Hakuwa na haja ya kuwaza kwamba duniani yapo maji ambayo mtu mwenye akili hayavulii nguo bali huyavalia, tena huyavalia nguo nyingi kuliko zile anazovaa kwenda harusini.

Sisi wa Mtwara tumezaliwa kando ya maji yenye hisani. Kuanzia Mikindani hadi Msangamkuu, na kuteremka kusini kupitia Msimbati mpaka pale mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini, joto la bahari mwezi wa Machi hufika kiasi cha nyuzi 29 za Selsiasi. Hata mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na sisi wazee tunatafuta mablanketi, joto hilo halishuki sana chini ya nyuzi 25. Mgeni kutoka Ulaya akiambiwa kwamba hayo ndiyo maji yetu ya baridi, hucheka.

Hata hivyo wavuvi wetu hawacheki. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37, na maji hunyang'anya joto la mwili upesi kuliko hewa, kiasi cha mara 25. Ndiyo maana mtu aliyekaa kivulini penye hewa ya nyuzi 25 huona raha, lakini akikaa tuli ndani ya maji ya nyuzi hizohizo, baada ya muda meno yataanza kugongana. Akitoka majini na nguo zilizolowa, upepo unampokea na kuendeleza pale maji yalipoachia, kwa kuwa maji yanapokauka mwilini huondoka na joto. Mambo haya niliyafundisha kwa chaki ubaoni, lakini mvuvi wa Ruvuma ameyajua bila ubao.

Mtazame anavyojiandaa usiku wa kusi. Sweta lake la mtumba, mara nyingi la sufu, hulikunja na kulitia katika dumu la plastiki lenye mfuniko, pamoja na kiberiti na tumbaku. Chomboni hukaa na kaptula tu, au na shati kuukuu ambalo hajali likilowa. Anavuta nyavu, anarushiwa maji na mawimbi, anashuka kusukuma mtumbwi penye fungu la mchanga, na muda wote huo nguo yake kavu imo ndani ya dumu. Kazi ikiisha hujifuta, huvua kilicholowa, kisha hufungua dumu. Hali kadhalika akina mama wa Msimbati wanaokwenda kuchokoa pweza miambani wakati wa bamvua: wanaingia majini na nguo za kazi na raba za zamani kuhofia miiba ya baharini, na kanga kavu inawangoja pwani. Kanuni yao ni moja. Kulowa hakuepukiki, kwa hiyo linda kitu kimoja kikavu cha kukurudishia joto.

Nimeanza na dumu hilo kwa sababu ndilo lililonisaidia kumwelewesha mpwa wangu jambo ambalo huenda limeokoa maisha yake.

Mpwa wangu huyo, mtoto wa dada yangu, alikulia Msangamkuu na mtumbwi ulikuwa baiskeli yake. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alikwenda kuvua na wenzake wawili karibu na mdomo wa Ruvuma. Wanaopajua pale wanajua kwamba maji ya mto yanayotoka yakikutana na maji ya bahari yanayoingia, na upepo nao ukichochea, mawimbi husimama wima kama ukuta. Mtumbwi ulipinduka usiku. Walishikilia ubavu wake hadi alfajiri, wakapelekwa na mkondo, wakaokotwa na watu wa jahazi. Alipofikishwa nyumbani alishindwa kushika kikombe cha chai. Mama yake alimnywesha kwa kijiko. Wote watatu walipona.

Leo mpwa wangu ana zaidi ya miaka arobaini na anafanya kazi katika kiwanda cha samaki Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Wafanyakazi wenzake huenda kupiga kafi katika kayaki siku za mapumziko, naye akavutiwa. Kayaki ni ndugu wa mtumbwi. Wainuit wa Grinlandi waliiunda kwa mifupa, miti na ngozi za sili ili wawinde katika bahari yenye barafu. Ni chombo chembamba, kimefunikwa juu, na mpigaji kafi hukaa katika tundu lililoachwa katikati. Wenyeji walimwambia mpwa wangu kwamba hapaswi kuingia majini bila nguo maalumu iitwayo suti kavu. Alipoulizia bei alishtuka. Zile nzuri hupita dola 1,000 za Marekani. Dukani hapohapo palikuwa na suti nyingine, ya mpira, kwa bei ndogo sana kuliko hiyo.

Akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaeleza shida yake. Fedha alizokuwa nazo ni zile alizomwahidi mama yake kwa ajili ya mabati, maana nyumba ya dada yangu ilikuwa ingali ya makuti, nayo ilivuja. Akinunua suti ya mpira mabati yatapatikana. Akinunua suti kavu, mama atangoja msimu mwingine. "Na kwa kweli, mjomba," akasema, "mimi ni mtoto wa maji. Nilikaa usiku mzima pale mdomo wa Ruvuma nikatoka hai. Hayo maji yao yatanifanya nini?"

Kwetu sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na neno la mjomba lina uzito. Nilimwomba siku tatu, nikaenda kusoma, na nikawauliza vijana wanaojua kutafuta mambo katika intaneti. Ningependa kumweleza msomaji niliyoyapata, kwa kuwa wengi wetu sasa tuna watoto katika nchi za baridi, na siku moja atapigiwa simu kama hiyo.

Jambo la kwanza ni joto la maji yenyewe. Bahari ya Tromsø mwezi wa Aprili huwa na nyuzi kama 4 au 5, na mwezi wa Agosti hufika kiasi cha 10. Yaani maji yao ya joto kabisa hayafikii hata nusu ya maji yetu ya baridi kabisa. Mtu akianguka ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15, ngozi hupeleka habari kwa ubongo na pumzi humtoka mikononi: hutweta bila kujizuia, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Hapo ustadi wa kuogelea hausaidii, kwa kuwa aliyekufa maji hakuwa amefika kwenye kuogelea. Mtaalamu Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amelifupisha somo hili kwa namba rahisi kukumbuka: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika 1 ya kuidhibiti pumzi. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Kisha kama saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameshaingia hatarini.

Historia inashuhudia tofauti ya maji na maji. Meli ya Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, maji yalikuwa nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Mamia ya abiria walielea wakiwa na majaketi ya kujiokolea, na bahari ilikuwa shwari. Meli ya Carpathia ilifika kabla ya saa mbili kutimia, lakini wengi waliobaki majini walikuwa wamekwisha kufa, wakiuawa na baridi. Kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tulipoteza ndugu wengi mno, Mungu awarehemu. Lakini zaidi ya watu 600 waliokolewa, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa majini kwa saa nyingi wakishikilia magodoro hadi kulipokucha. Bahari ya Nungwi iliwapa muda. Bahari ya Atlantiki haikuwapa wale wengine.

Basi nilipompigia mpwa wangu nilimwambia: usiku ule wa Ruvuma haukuthibitisha kwamba wewe ni mgumu. Ulithibitisha kwamba maji yetu ni ya vuguvugu. Hata hayo ya vuguvugu yalikufanya ushindwe kushika kikombe. Kwa hiyo usiupeleke ushahidi wa Ruvuma katika mahakama ya Norwe.

Jambo la pili ni tofauti ya suti zenyewe. Ile ya mpira ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California. Imetengenezwa kwa neoprini, mpira wenye vipovu vidogo vya hewa ndani yake. Hukubana mwilini na kuruhusu maji kidogo yaingie. Maji hayo hupashwa joto na mwili, na vipovu huzuia joto lisitoke upesi. Ni nguo nzuri kwa mzamiaji, na kwa mpiga kafi wa maji yasiyo makali sana. Lakini aliyeivaa amelowa, na akitoka majini upepo unampiga akiwa amelowa.

Suti kavu hufanya kinyume. Ni vazi moja kuanzia shingoni hadi miguuni, na maji hayaingii kabisa. Wazo lake ni la kale, kwani Wainuit walishona makoti ya ngozi ya sili yaliyofungwa usoni, kwenye mikono na kwenye ukingo wa tundu la kayaki, hata chombo kikipinduka maji yasipenye. Za leo nyingi zimeshonwa kwa kitambaa chenye utando unaozuia maji lakini unaopitisha mvuke wa jasho. Utando wa aina hiyo ulitokana na ugunduzi wa Robert Gore wa Marekani mwaka 1969, alipoivuta kwa ghafla Tefloni iliyopashwa moto ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno.

Kitu kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba suti kavu ina joto. La hasha! Ni nyembamba kama koti la mvua. Hapo ndipo nilipomkumbusha lile dumu la wavuvi. Nilimwambia, suti kavu ni dumu linalovaliwa. Dumu halina joto. Joto limo katika sweta lililo ndani yake. Kwa hiyo chini ya suti ni lazima avae sufu au nguo za manyoya ya nyuzi za viwandani, tabaka moja au mawili kulingana na maji. Asivae pamba kamwe. Fulana ya pamba hunywa jasho, hukaa na unyevu, na hugeuka kuwa adui wa aliyeivaa.

Jambo la tatu ni namna ya kuichagua. Pa kuanzia ni shingoni na kwenye vifundo vya mikono, maana hapo ndipo mlango wa maji ulipo. Ukosi wa mpira mwembamba wa lateksi huzuia maji vizuri kuliko wa neoprini, ingawa ule wa neoprini haumbani mtu sana. Ukosi ukikaza mno huleta kizunguzungu, na ukilegea huingiza maji. Lateksi huharibiwa na jua, mafuta na uzee, hivyo anayenunua suti iliyokwisha tumika auvute mpira huo taratibu na kuutazama kama una nyufa au unanata. Zipu nayo ikunjuliwe yote na kukaguliwa jino kwa jino, kwa kuwa kuibadilisha ni gharama kubwa kuliko kubadilisha ukosi. Afadhali suti yenye soksi zake zilizoungwa kuliko ile inayoishia kwenye vifundo vya miguu. Ukubwa uwe wa kumwezesha mtu kuchuchumaa na kunyoosha mikono juu akiwa amevaa sufu ndani. Rangi iwe ya kuonekana kwa mbali, nyekundu au ya machungwa. Nyeusi na ya buluu huwaficha wanaotafutwa.

Kichwa na mikono hubaki nje ya dumu, kwa hiyo kofia na glavu za neoprini zinahitajika. Na juu ya yote hayo huvaliwa jaketi la kujiokolea, kwa sababu suti kavu si boya. Kabla ya kuingia majini mtu huchuchumaa, akakumbatia magoti, akaufungua ukosi kidogo kwa kidole ili hewa iliyonaswa itoke. Isipotoka hukimbilia miguuni na kumsumbua anapoanguka. Mwisho kabisa, suti mpya haijaribiwi katikati ya bahari. Huenda mtu ufukweni na mwenzake, akaingia hadi kifuani, akalala majini, akatoka na kutazama kama kuna palipolowa.

Haya yote mpwa wangu aliyakubali. Kilichobaki ni mabati, na hilo halikuwa langu peke yangu kuliamua. Nikapanda kivuko nikaenda Msangamkuu kwa dada yangu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na bei, bila kupunguza. Alinyamaza kwa muda, akichambua mchele. Kisha akasema, "Kaka, hapa mvua ikinyesha najua panapovuja. Naweka ndoo. Maji ya huko mwanangu anakokwenda mimi siyajui, na wewe huyajui. Mwambie anunue hiyo nguo. Paa litangoja."

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wasomi huweza kuyatamka maneno hayo mara mia bila kuyatii. Mama asiyewahi kuvuka Ruvuma aliyatii kwa gharama ya paa lake mwenyewe.

Mpwa wangu alinunua suti kavu iliyokwisha tumika, zipu yake nzima, akaibadilishia ukosi na vifundo. Alilipa kama nusu ya bei ya mpya, hata fedha kidogo ikabaki. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, siku ya jua kali, alipinduka. Alinisimulia kwamba juani kulikuwa na vuguvugu kiasi cha mtu kutamani kuvua koti, na wenzake wawili walikuwa wamekaa mapajani mwa jua hilo wakicheka. Alipotumbukia, uso wake ulichomwa kama kwa pilipili, pumzi ikakatika, ikarudi. Mikono ilimtii. Aliishika kayaki, wenzake wakamsaidia kupanda, na chini ya suti sufu ilikuwa kavu. Alirudi pwani akipiga kafi mwenyewe, na kikombe cha chai alikishika. Mabati ya dada yangu yalipandishwa mwaka uliofuata, baada ya misimu miwili ya ndoo.

Somo nililolipata ni fupi. Nguo ya chomboni haichaguliwi kwa kutazama jua. Huchaguliwa kwa kuyafikiria maji, tena si kwa saa zote za safari njema, bali kwa ile dakika moja mbaya ambayo huenda isije kabisa. Ikija, haitatoa nafasi ya kurudi nyumbani kuchukua kilichosahaulika.

Na somo hilo si la Norwe tu. Katika vijiji vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, watu huamka kila alfajiri na kuingia katika mitumbwi. Hawahitaji suti ya dola elfu moja. Maji yetu hutoa muda, ila muda huo unamfaa yule tu anayeelea. Wanahitaji jaketi la kujiokolea ambalo limevaliwa, si lililokaliwa kama mto au kutundikwa ukutani nyumbani. Wanahitaji sweta la sufu ndani ya dumu lililofungwa vizuri na kuunganishwa na chombo kwa kamba, ili mtumbwi ukipinduka lisielee na kwenda zake. Ninawaona vijana wetu wakipeleka abiria, akina mama na watoto migongoni, bila hata boya moja, kwa hoja ileile ya mpwa wangu: sisi ni watoto wa maji.

Nami huwajibu kwamba mtoto wa maji ndiye anayepaswa kuyajua maji kuliko wengine. Atie mkono ndani kwanza, aupime upepo, akumbuke mkondo wa mdomo wa mto, ndipo aamue atavaa nini. Na akina mama wa Tromsø hawawapendi watoto wao kuliko akina mama wa Msangamkuu wanavyowapenda wao.